Rimoti Chini ya Kochi

Barafu ya Saskatoon haina adabu.
Ilinivizia mlango wa nyuma, siku ya taka,
mfuko mweusi mkononi,
ikanilaza chali kama mkeka.
Kifundo cha mguu kikasema ko.

Wiki sita za plasta.
Mpwa wangu Shekue akanitandikia kochi,
chupa ya chai, mito mitatu, ndoo (usiulize),
akaniwekea filamu ya simba, eti nipoze hamu ya kwetu,
mimi wa Korogwe, ambaye simba
nilimwona mara ya kwanza Calgary, kwa kiingilio.
Kisha akaenda zake kuzoa theluji ya manispaa.

Saa nne rimoti ikaniponyoka,
ikateleza, ikaingia uvunguni.
Nikanyoosha mkono. Nikanyoosha gongo.
Nikajaribu hata mwiko. Wapi!
Simba wakaisha,
na televisheni, ilipoona nimeshindwa,
ikajichagulia yenyewe.

Msichana anauza keki za mchele chini ya daraja.
Kijana ana koti refu na baba mwenye viwanda.
Nikasema, haya mambo ya watoto,
na sehemu ya pili ikaanza
kabla sijafunga mdomo.

Kumbe wanavua viatu mlangoni.
Kumbe mkubwa haitwi kwa jina kavukavu,
na mdogo hupokea kwa mikono miwili, kichwa chini.
Mavyaa mtarajiwa akasogeza bahasha nene mezani,
chukua, umwache mwanangu,
binti akaisukuma.
"Pokea, mjinga wewe," nikamwambia,
"kisha mpende vilevile!"
Akamwagiwa maji ya uso.
Nikalizaba kochi kofi,
hadi jirani wa chini akagonga dari lake.

Sehemu ya tisa ndipo walipogusana.
Ya tisa!
Si midomo. Vidole,
ndani ya mfuko wa lile koti refu.
Nami, mjane wa miaka kumi na mmoja,
nikaacha chai ipoe.
Marehemu wangu alinishika mkono mara moja tu,
tukivuka barabara pale Segera.
Siku zote nilidhani
ni kwa sababu ya malori.

Shekue alirudi na giza, ndevu zina chembe za barafu,
akanikuta macho yamevimba.
"Shangazi, mguu?"
"Mguu."
Akapiga magoti, akachokora uvunguni:
soksi moja, karanga, rimoti.
"Nikubadilishie?"
"Thubutu!"

Dada Mwanaamani akipiga simu kutoka nyumbani,
kutwa unafanya nini na mguu huo?
namjibu, nasoma.
Si uongo. Maneno ya Kiingereza hukimbia chini ya picha
nami huyakimbiza, nikiwa nimelala;
niliyoyakosa sokoni na hospitali miaka minane
nimeyapata kwa watu wanaolia Kikorea.

Machi wakanikata plasta.
Mguu ulitoka mwembamba, mweupe kwa vumbi, kama wa kuazima.
Safari yake ya kwanza: duka la Wakorea, Barabara ya Nane.
Mzee wa kaunta, nywele zote mvi.
Nikainama na gongo langu, nikamsalimu kwa lugha yake,
nikatoa pesa kwa mikono miwili.
Akanyamaza. Akajibu maneno mengi,
mimi nikaambulia "mama" na "kula."
Nikamweleza nilikojifunzia.
"Aa," akasema, "hayo ya mke wangu.
Mimi ni hoki tu,"
akaita kuelekea stoo.

Mama akaja, anajifuta unga viganjani.
Ipi unatazama sasa?
Ile ya ndugu wawili na kiwanda cha sabuni.
Umefika wapi?
Ya kumi na nne.
Akaziba mdomo kwa mkono.
Nikambembeleza, akagoma kunambia.
Juu ya mchele wangu akaweka
boksi la karatasi laini za kufutia,
na hakunilipisha.